Macho ya Dani Dorca

Ukimwambia Seline Achola kwamba kumenyesha Kondele, atakuuliza kama umelowa wewe mwenyewe au umeambiwa. Ndivyo alivyo. Mimi Nabalayo nimekaa naye ploti moja ya vyumba vya kupanga hapa Nyalenda tangu nishuke kutoka Bungoma na cherehani yangu, na tumegombana mara nyingi kwa sababu ya maswali hayo. Mtu unakuja na umbea wako mtamu, bado wa moto, yeye anakukazia macho: "Nani aliyeona?" Umbea unapoa hapo hapo, nawe unarudi kushona.

Kazi yake ni mgongo wazi. Viwanda vikishatoa minofu ya samaki aina ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, sisi tunabakiziwa kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, na hiyo ndiyo Seline anaikaanga kwenye karai lake pale langoni mwa ploti mpaka inakuwa kavu ya kutafunika. Jioni watu wazima wanapanga foleni. Asubuhi watoto wanaoenda shule wanapewa kiporo, yaani kilichobaki jana. Mumewe alikufa yeye akiwa na mimba ya Oketch, kitinda mimba wake, na watu wakasema amelogwa na kaka zake kwa ajili ya shamba. Seline na tumbo lake hilo alienda akakaa kwenye benchi la hospitali mpaka daktari akachoka kumwona, akamweleza habari ya presha. Aliporudi matangani aliwaambia mashemeji zake, "Mimi sitamchukia mtu bure." Mpaka leo wanamletea mahindi.

Sasa, mvua za mwaka huu zilipoanza, watoto wa ploti wakaanza kuumwa tumbo. Mtoto anajikunja, anatapika, anatoka jasho, kisha baada ya siku mbili tatu anainuka amekonda. Leo wa Rachael, kesho wa jirani ya Rachael, halafu yule mkubwa wa Wesonga fundi wa baiskeli, halafu Oketch. Oketch ndiye aliyetutisha. Nilimwona Seline amembeba mgongoni akizunguka uwanja, anaimba wimbo wa kanisani na sauti inamkatika, nikasema huyu mtoto anatuacha.

Rachael ndiye aliyetaja jina. Rachael ana roho nzuri, msinielewe vibaya, lakini akishika jambo hata kwa koleo hulitoi. "Yawa, mnajifanya hamjui? Nani anakaa kando ya lile karai kila asubuhi watoto wakila?"

Tulijua wote. Dani Dorca. Dani ni nyanya, yaani bibi, kwa Kiluo, na huyu hakuwa nyanya ya mtu yeyote pale. Alikuja peke yake kutoka Asembo Bay, akapanga chumba cha mwisho karibu na choo. Mpole, mchache wa maneno. Ila alikuwa na tabia moja: akila, anaupa ukuta uso. Na mtu mwingine akila, anaangalia chini. Kwa Waluo hiyo inatosha kusema mengi. Kuna kitu wanakiita sihoho: jicho la mtu fulani likikuangalia unapokula, chakula kinakugeukia tumboni. Sisi Wabukusu tuna yetu, kwa hivyo sikumcheka mtu. Na haikuchukua muda habari ikaja kwamba hata kule Asembo alifukuzwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna mama kule Manyatta anatoa sihoho. Anachanja tumbo kidogo na wembe, anasugua, anakamua, halafu anakuonyesha kwenye jani vipande vya chakula alivyotoa. Rachael alimpeleka wake, akaona kwa macho yake, mtoto akapona. Utasema nini? Seline naye alimpeleka Oketch. Ndiyo, yeye na maswali yake. Mtoto anapolia hivyo mama anaenda popote anapoambiwa.

Alirudi, akaja moja kwa moja kwenye cherehani yangu.

"Ametoa maharagwe," akasema.

"Si basi! Mungu ashukuriwe."

"Nabalayo, Oketch hajagusa maharagwe. Amekula mgongo wazi na uji."

"Labda ni ya zamani."

"Ya zamani yalikuwa yanakaa wapi?"

Nilimwambia aniache nishone, yunifomu ya mtu inangoja. Lakini alishaanza, na Seline akishaanza huyo!

Akina mama walimwendea Mzee Ondiek, mwenye ploti. Yeye ni mtu wa kupenda amani, maana yake anakubaliana na aliyepiga kelele zaidi. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi tukutane uwanjani, na kama ploti nzima inamkataa dani, atatoka siku hiyo hiyo. Vijana wa pale kona walikuwa wanasema mambo mabaya zaidi. Walikuwa wanasema kiberiti hakingoji mwisho wa mwezi.

"Kule Asembo walimfukuza," Seline akaniambia. "Hapa tumfukuze. Ataenda wapi mtu wa miaka hiyo? Alale mtaroni?"

"Na kama ni yeye kweli?"

"Kama ni yeye, godoro nitambebea mimi mwenyewe mpaka barabarani. Nina mtoto mimi pia. Lakini nataka kujua, sitaki kuambiwa."

Akaanza kupita mlango kwa mlango. Mtoto wako aliugua lini? Dani alikuwepo? Na siku ambayo dani alikuwepo na mtoto hakuugua, ni ipi? Hilo la mwisho liliwaudhi watu kweli kweli. Hakuna mtu anayeweka akilini siku ambayo mtoto wake hakuumwa tumbo. "Ndiyo maana nauliza," anajibu. "Tunakumbuka upande mmoja tu."

Kwa Wesonga akapata kitu. Kanisa la Wesonga haliruhusu mambo ya kuchanjwa, kwa hivyo mkubwa wake alikaa nyumbani na maji ya chumvi na sukari. Alipona kwa siku zile zile ambazo wa Rachael alipona. Na si hilo tu. Wesonga ana kadogo kengine, Nanyama, ambako mchana kutwa kanalelewa na dani Dorca mama yake akiwa kibaruani. Dani ndiye anayekanywesha uji, kijiko kwa kijiko, uso kwa uso. Nanyama alikuwa amenona, mashavu hivi!

Seline akalipeleka hilo kwa akina mama pale bombani. "Mtoto anayeangaliwa akila kuliko wote hajawahi kuumwa. Mnasemaje?"

"Huyo anampenda," Rachael akajibu. "Anamwonea huruma."

"Sawa. Mtoto akiugua, ni dani. Asipougua, dani amemhurumia. Sasa hebu niambieni, mtoto afanye nini ndio mseme si dani?"

Nilikuwepo na ndoo yangu. Rachael alifunga bomba, akajitwika maji, akasema Seline amelishwa kitu na yule mwanamke. Kutoka siku hiyo wengine wakaacha kumsalimia. Jioni foleni ya karai ikapungua. Alilia kidogo, nilimwona, akijifanya ni moshi wa mafuta.

Halafu akaharibu mambo mwenyewe. Aliona ule mpira wa maji unapita ndani ya mtaro mchafu kabla ya kufika bombani kwetu, akaruka: ni maji! Akatutangazia ploti nzima tuchemshe. Na wewe unajua makaa yalivyo taabu siku za mvua. Tulichemsha hivyo hivyo, hata mimi niliyechoka naye, hata Rachael kwa shingo upande. Tukachemsha zaidi ya wiki. Mtoto wa Rachael akaugua tena.

Heh! Siku hiyo kicheko kilisikika mpaka barabarani. Wakambatiza Mama Maji. Mimi niliona aibu kwa niaba yake, nikadhani atajifungia. Lakini alitoka, akasimama katikati ya uwanja na leso kiunoni, akasema, "Nilikosea. Maji yanaweza kuwa machafu, lakini si yanayofanya hivi. Nilipenda yawe maji, ndiyo maana nikakimbilia." Kisha akamgeukia Rachael. "Jana asubuhi amekula nini?"

"Usiniulize mambo ya kula ya mtoto wangu!"

"Nakuomba, Rachael. Amekula nini?"

Rachael alimwambia kwa hasira, alimtupia tu lile jibu, akaingia ndani. Nikamwona Seline amesimama pale pale, mdomo wazi, mvua inaanza kumnyeshea.

Alikuja kwangu nguo zinachuruzika. Hakukaa. "Nabalayo, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Kiporo." Akanieleza huku meno yanagongana. Siku zote kabla ya mvua, mgongo wazi uliobaki aliuacha kwenye sinia, umefunikwa na wavu, unakauka kwa hewa. Mvua ilipoanza panya wakaingia, akanunua ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Anautia bado una joto, anafunga. Asubuhi anafungua, unatoka jasho, umelainika, naye anawagawia watoto bila kuurudisha kwenye mafuta, kwa sababu wanachelewa shule. Jioni watu wazima wanakula wa moto, hakuna mtu mzima aliyeugua. Nanyama hali kiporo, ni mdogo. Mkubwa wa Wesonga anakula. Oketch anakula kuliko wote, kwa sababu ni wa mwenye karai.

"Na dani?" nikauliza.

"Dani chumba chake kinavuja. Mvua ilipoanza mimi ndiye niliyemwita aje aote moto pale kando ya karai asubuhi. Nabalayo, mvua ndiyo ilimleta pale, na mvua ndiyo ilinifanya nifunge samaki kwenye ndoo. Vilianza pamoja. Sisi tukamwona dani kwa sababu ndoo haina macho."

Nilisimamisha gurudumu la cherehani. Nitasema nilichomwambia, kwa sababu nilimwambia kwa mapenzi. Nilimwambia, "Nyamaza! Osha hiyo ndoo, itupe, anza upya, watoto wataacha kuumwa, na mambo yataisha. Una watoto wa kulisha. Ukisema hivyo mbele ya watu nani atanunua samaki kwako tena?"

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi Mungu atajua."

"Mungu atajua, na mimi pia nitakuwa najua." Alikasirika, sijawahi kumwona amekasirika hivyo. "Nimeingia kila nyumba hapa nikawauliza watu mambo yao. Jibu limekuja kwangu ndio nifunge mlango?" Akatoka. Asubuhi iliyofuata akawafukuza watoto karaini, hakuna kiporo, nao wakaenda shule wakinung'unika.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mzee Ondiek aliletewa kiti. Dani Dorca alisimama mlangoni mwa chumba chake, vitu vyake amekwisha kuvifunga kwenye shuka; hakungoja hukumu, alishaizoea. Wale vijana wa kona walikuja pia, wameegemea ukuta, na sikupenda walivyokuwa wametulia.

Rachael alisema yake, na alisema vizuri. Kisha Seline akasimama. Alieleza yote kama alivyonieleza mimi: ndoo, kiporo, jioni na asubuhi, Nanyama, mkubwa wa Wesonga. Mwisho akasema, "Watoto wenu waliumwa kwa mkono wangu. Sikujua, lakini ni mkono wangu. Wa kwangu pia. Mkitaka kumtoa mtu leo, mnitoe mimi."

Halafu, mnajua watu walivyo, sauti ikatoka nyuma: "Na nani aliyeharibu hao samaki, kama si macho yake?"

"Eeh! Aliangalia ndoo!" mwingine akadakia.

Jamani! Nilitaka kumrushia mtu kiatu. Mwanamke amejivua nguo mbele ya watu ili wauone ukweli, na wao wanautafutia ukweli kona nyingine ya kujificha. Lakini Seline hakupandisha sauti. Nafikiri alishalitegemea.

"Haya," akasema. "Inawezekana. Mimi nilidhani ni maji, nikakosea mbele yenu. Naweza kukosea tena. Basi tusibishane, tuangalie. Mzee, nipe mpaka katikati ya mwezi ujao. Ndoo hii naivunja sasa. Kiporo sitagawa, nitakaanga wa asubuhi. Dani atakaa pale pale anapokaa. Na hatatazama chini: nitamkalisha mbele ya Oketch, amwangalie akila kila asubuhi, tonge kwa tonge, mkitaka mje mshuhudie. Oketch akiumwa, tutatoka sote wawili, dani na mimi. Asipoumwa, mtasema wenyewe."

"Unamweka mtoto wako?" Rachael akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi.

"Ningemweka wa nani?"

Mzee Ondiek alikuna kidevu, akatazama watu, akaona kelele zimeisha. Akasema sawa. Wesonga alienda akasimama karibu na wale vijana, akawaambia kwa upole kwamba majina yao yanajulikana, na kwamba yeye anawajua mama zao. Wakaondoka mmoja mmoja.

Aliyekataa ni dani.

Jumatatu asubuhi karai liko motoni, Oketch amekaa na sahani yake, na akina mama wamekuja, wengine na mabaki ya usingizi. Dani Dorca aliinamisha kichwa na kujifunika kitenge usoni.

"Siwezi, nyathina," akamwambia Seline. Mwanangu, maana yake. "Usinilazimishe. Hata mimi sijui kama si mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa ule ukuta aliokuwa akiugeukia siku zote. Hakuwa anatuficha. Alikuwa anatulinda na yeye mwenyewe.

Seline alichuchumaa mbele yake. Kichwa kilishajua, lakini yeye amelelewa na hii sihoho tangu aanze kutembea, na yule aliyekaa na sahani ni mtoto wake. "Dani, hata mimi naogopa," akasema. "Naogopa sana. Lakini uoga wangu haujaniambia kitu chochote nilichokiona. Wewe hujui, mimi sijui, basi tujue leo wote wawili. Inua macho."

Dani akashusha kile kitenge, akainua macho, akamwangalia Oketch. Mtoto hana habari, anatafuna, mafuta yanamtoka kidevuni, anachokoa nyama kwenye mifupa na kidole. Alimaliza, akalamba mkono, akasema, "Mama, ongeza." Seline alicheka na kulia pamoja.

Siku hiyo alimfuata Oketch nyuma kila alikoenda, akimgusa tumbo mpaka mtoto akakasirika. Hakuumwa. Kesho yake hakuumwa. Wa Rachael walirudi karaini, kwanza mmoja, kisha wote, na Rachael mwenyewe akaja kusimama pale akimwangalia dani anavyowaangalia. Katikati ya mwezi ilipofika hakuna aliyeitisha mkutano. Mzee Ondiek alituma fundi akazibe chumba cha dani, bila kusema neno. Wapo mpaka leo wanaosema dawa ya yule mama wa Manyatta ndiyo iliyomfunga dani macho. Biashara ya Seline haijarudi yote. Wapo wanaopita karai lake wakiziba pua kwa makusudi. Anawasalimia tu.

Lakini ninachotaka kusimulia ni Jumapili moja baadaye, tumetoka kanisani, tumekaa uwanjani sisi watatu tukichambua mboga. Dani alikuwa anatutazama usoni, kitu ambacho bado tulikuwa hatujakizoea. Akaanza kusema bila kuulizwa.

"Nilikuwa na wajukuu mapacha, Opiyo na Odongo. Mama yao alifariki, nikawalea mimi. Odongo alikula kwangu mchana, usiku tumbo likamshika, hakuuona mwezi mwingine. Wakasema ni macho yangu. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyesema." Alichukua jani jingine la sukuma wiki. "Sasa nataka uniambie, Seline. Wewe unajua kutafuta. Nilimwua mimi?"

Mimi ningejibu hapo hapo. Ningemwambia hapana, dani, hapana kabisa, na ningemkumbatia. Seline hakujibu. Niliona jinsi lile hapana lilivyomfika mdomoni na jinsi alivyolizuia, na nilimkasirikia kwa kulizuia.

"Sikuwepo, dani," akasema. "Kilichomwua Odongo sikijui, na sitakudanganya kwamba nakijua. Lakini niambie. Siku hiyo Opiyo alikula wapi?"

"Kwangu. Sahani moja na mwenzake, walikuwa hawataki mbili."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele yao. Niende wapi? Nilikuwa nawaangalia."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, walikuwa wangu."

"Opiyo yuko wapi sasa?"

"Opiyo yuko Port Victoria, anavua. Ameoa. Ana..." Dani Dorca akaacha kusema. Mboga ilimwanguka. Alimtazama Seline, akanitazama mimi.

"Opiyo," akasema, "hajawahi hata kuumwa tumbo."